Mtepe na Jahazi: Swali Lililoulizwa Sigi

Mto Sigi haupiti chombo cha tanga. Unatoka katika msitu wa Amani, kwenye Milima ya Usambara Mashariki, ukateremka juu ya mawe hadi mahali paitwapo Sigi, takriban mita 450 juu ya usawa wa bahari. Toka hapo unashuka mpaka bwawa la Mabayani linalowapa maji wakazi wa Tanga, na mwisho unaingia katika Bahari ya Hindi. Hata hivyo ilikuwa ni hapo Sigi, mbali na harufu ya chumvi, ndipo nilipoulizwa swali la bahari nikalijibu vibaya. Makala haya ni jibu langu la pili.

Nilikuwa nimefuatana na wanafunzi wa kidato cha tatu na mwalimu wao wa fizikia, waliotoka pwani kuja kuutazama msitu wa hifadhi. Tulisimama mbele ya nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, kwa maana mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa utawala wa Wajerumani, ilijengwa reli nyembamba kutoka Tengeni hadi Sigi kwa ajili ya kuteremsha magogo. Nikawasimulia habari za mbao: mvule wa milima hii, na msaji uliopandwa huko Longuza, ambao ni mti uleule waliouagiza mafundi wa Uarabuni kutoka Malabar kwa karne nyingi ili kuundia vyombo vyao. Ndipo mwanafunzi mmoja, ambaye babu yake alikuwa baharia, akauliza: “Samahani, Mwalimu. Kati ya mtepe na jahazi, kipi kilikuwa chombo bora cha bahari kuu?”

Nikamjibu bila kusita kwamba jahazi. Nikatoa sababu mbili: kwanza, msumari una nguvu kuliko kamba, pili, tanga la pembetatu hukabili upepo kuliko tanga la mraba. Kijana akafikiri kidogo, kisha akasema, “Kama ni hivyo, kwa nini watu waliendelea kushona vyombo kwa muda wote ule?” Sikuwa na jibu. Nikasema kitu fulani kuhusu mila, nacho kilikuwa cha kujiokoa tu.

VYOMBO VYENYEWE

Yafaa kwanza tuvijue vyombo hivi, maana vijana wengi hawajapata kuuona mtepe, wala hawatauona ila kwa mfano wake mdogo katika makumbusho, kama yale ya Lamu. Huko Unguja, ndani ya Beit al-Ajaib, uliundwa mtepe mzima wa maonyesho mwanzoni mwa karne hii; sehemu ya jengo hilo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020.

Mtepe ulikuwa chombo cha mafundi wa visiwa vya Lamu, hasa Wabajuni. Mbao zake hazikupigiliwa msumari hata mmoja. Zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Omo yake ilinyanyuka mbele kama shingo ya ngamia, na kwenye mbavu zake yalichorwa macho mawili. Ulikuwa na mlingoti mmoja uliosimama wima, ukibeba tanga la mraba lililofumwa kwa miyaa kama mkeka, lenye foromali juu na mti mwingine chini. Mitepe mikubwa ilikaribia urefu wa mita 20. Palikuwa pia na ndugu yake, dau la mtepe, lililotofautiana naye hasa kwa umbo la omo, huyo tutamwacha.

Jahazi halihitaji maelezo mengi kwa mtu wa pwani. Ni chombo cha mbao zilizopigiliwa misumari juu ya mataruma, chenye mkuku mnene, tezi iliyokatwa bapa, na tanga kubwa la kitambaa lililofungwa kwenye foromali ndefu iliyoinama, ncha yake moja ikiwa chini karibu na omo na nyingine juu angani. Katika makala haya nalitumia neno jahazi kwa chombo cha pwani yetu, kiundwacho Lamu, Unguja, Pemba na Tanga, ingawa watu wengi huliita kwa jina hilo hata bumu la Waarabu, ambalo ni kubwa zaidi na lenye tezi iliyochongoka.

KAMBA NA MSUMARI

Watu wa kale walistaajabia sana vyombo vya kushonwa vya Bahari ya Hindi. Ilienea hadithi kwamba baharini mna miamba ya sumaku inayong’oa misumari ya chombo kipitacho karibu, na kwa hiyo mabaharia wa huku wanaogopa chuma. Mwandishi Procopius, aliyeishi katika karne ya 6, aliikataa hadithi hiyo kwa hoja moja fupi: merikebu za Warumi katika Bahari ya Shamu zilikuwa na chuma tele, wala hazikupatwa na jambo lolote. Walimu wa fizikia wanaofundisha sumaku wangeweza kuanzia hapo. Ni nadra kupata mfano mwepesi kiasi hicho wa dai linalopimwa kwa ushahidi.

Ufundi wenyewe ni wa zamani mno. Kitabu cha Kigiriki kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, cha karne ya 1 baada ya Kristo, kinaitaja bandari ya Rhapta katika pwani yetu na kueleza kwamba jina hilo limetokana na vyombo vya kushonwa. Mahali ilipokuwa Rhapta hapajathibitishwa hadi leo. Wataalamu wengine huielekeza Pangani, wengine Rufiji. Mwaka 1498 watu wa Vasco da Gama nao waliona huko Msumbiji vyombo visivyo na misumari, vyenye matanga ya mikeka. Sisemi kwamba vyote hivyo vilikuwa mitepe. Nasema tu kwamba ufundi huo ni wa ukoo mmoja, na ukoo huo uliishi karibu miaka elfu mbili mbele ya macho ya watu walioujua msumari.

Tuutazame basi mshono kwa jicho la fizikia. Mbao mbili zilizopangwa ukingo kwa ukingo zaweza kuharibikiwa kwa njia mbili: zaweza kuvutwa zikatengana, au zaweza kuteleza moja kando ya nyingine, kama ziteleza­vyo kurasa za kitabu unapokikunja. Kamba ni hodari katika kuzuia kutengana, lakini ni dhaifu katika kuzuia kuteleza. Fundi wa mtepe alilijua hilo vizuri, kwa hiyo hakuitegemea kamba peke yake. Alitoboa kwa keekee na kupachika vijiti vya mti mgumu katika kingo za mbao. Vijiti vilizuia kuteleza, kamba zikazuia kutengana. Baada ya hapo matundu yalizibwa, na sehemu ya kamba iliyotokeza upande wa nje ikakatwa ili isisuguliwe na mchanga. Nilipoyasoma haya kwa mara ya kwanza niliona haya kidogo, kwa sababu kuigawa kani katika sehemu mbili na kumpa kila mmoja sehemu anayoiweza ndilo somo la kwanza la uhandisi wa majengo, nami nililipia ada na nauli kwenda kujifunza ng’ambo.

Msumari hufanya kazi zote mbili peke yake, nao hushika kwa ukaidi. Ukaidi huo ni sifa njema chombo kinapokuwa katika maji yenye kina. Lakini hebu tufikiri chombo chenye shehena kinachogusa mchanga. Katika pwani ya Tanga na Unguja, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na zamani mahali pengi pa kupakia palikuwa ufuoni tu, pasipo gati. Chombo kiliingia na maji kujaa, kikakaa chini maji yalipokupwa. Mwanafunzi anajua kwamba kani ya wastani katika mgongano ni badiliko la momenta likigawanywa kwa muda wa mgongano. Ukiurefusha muda mara mbili, kani hupungua kwa nusu. Mwili wa chombo unaonepa hurefusha muda huo. Mwili mkaidi huufupisha. Mtepe ulipotua juu ya mchanga ulikuwa kama mtu arukaye kutoka mtini akakunja magoti.

Gharama ya kunepa ni kuvuja. Mtepe ulivuja sana, na ulihitaji mabaharia wengi wa kufua maji, yaani kuyatoa ngamani, usiku na mchana. Jambo hili tulishike, kwa kuwa tutalihitaji mbele: maji yaliyozuiwa na msumari katika jahazi, katika mtepe yalizuiwa na misuli ya watu, na misuli hula chakula.

Msumari nao una maradhi yake. Chuma kikikutana na maji ya chumvi hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa zaidi kuliko chuma kilichoizaa. Hivyo huupasua ubao kutoka ndani. Msumari uliopakwa zinki huyachelewesha maradhi hayo, hauyaondoi. Makumbi kwa upande wao yana lignini nyingi, ambayo huyafanya yaoze polepole katika maji ya bahari; lakini mwishowe huoza, na chombo hakina budi kushonwa upya. Vyombo vyote viwili vilikuwa na adui mmoja, yule mdudu wa baharini mwenye umbo la mnyoo (kwa kweli ni jamaa ya chaza) atobaye mbao mpaka zikawa kama sega la nyuki. Dawa yake ilikuwa moto wa makuti chini ya chombo kilichopandishwa pwani, na deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa.

Msomaji anayedhani kwamba chombo cha kushonwa hakiwezi bahari kuu na atazame mifano miwili ya karibuni. Mwaka 1980 huko Sur, Oman, kiliundwa chombo kilichoitwa Sohar, bila msumari katika mbao zake, nacho kikasafiri kutoka Muscat hadi Guangzhou nchini China, kikafika mwaka 1981. Mwaka 2010 chombo kingine cha kushonwa, Jewel of Muscat, chenye urefu wa mita 18, kilitoka Oman kikafika Singapore. Sababu yangu ya kwanza, basi, ilikuwa imeanguka.

TANGA NA PEPO

Sababu ya pili ilikuwa na ukweli ndani yake, lakini niliitoa bila kutaja safari.

Upepo ukitoka tezi, tanga la mraba ni chombo rahisi na chenye nguvu. Husimama kama ukuta, upepo hulisukuma, na chombo huenda mbele. Tanga la jahazi hufanya kazi kwa namna nyingine linapoukaribia upepo. Hubinuka mfano wa bawa la ndege. Upepo hupita pande zake mbili, kanieneo hupungua upande wa demani, na kani inayotokea huelekea pembeni zaidi kuliko mbele. Sehemu ya pembeni huzuiwa na mkuku na ubavu uliozama majini. Sehemu ya mbele ndiyo inayobaki kukisogeza chombo. Kwa hiyo jahazi laweza kwenda joshi, yaani kuelekea karibu na upande unakotoka upepo, kuliko mtepe.

Sasa tuchukue ramani. Kutoka Lamu mpaka mji wa Unguja ni takriban kilomita 470, kuelekea kusini na kidogo magharibi. Kuanzia Desemba hadi Machi huvuma Kaskazi, kutoka kaskazini-mashariki. Kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba huvuma Kusi, kutoka kusini na kusini-mashariki. Mtepe ulipakia boriti za mikoko Lamu, ukateremka na Kaskazi nyuma yake, ukarudi nyumbani na Kusi nyuma yake. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 8 kwa saa, safari ya kwenda ni saa 59, yaani siku mbili na nusu. Katika safari hiyo uwezo wa kwenda joshi ni kama mwavuli wakati wa kiangazi: ni kitu kizuri, ila hukitumii. Tanga la mraba lilitosha, na miyaa iliota yenyewe.

Tena tanga la jahazi lina taabu zake, ambazo vitabu vya kusifu majahazi huzipita haraka. Foromali hutungwa kwa miti miwili au zaidi iliyofungwa pamoja, nayo ni nzito na iko juu, kwa hiyo huinua kitovu cha uzito. Chombo kitupu lazima kitiwe farumi ili kisipinduke. Upepo ukikaza, tanga halipunguzwi kwa kukunjwa sehemu yake. Hushushwa lote na kufungwa jingine dogo. Kulihamisha kutoka ubavu mmoja hadi wa pili ni kazi ya hatari: aghalabu nahodha hukizungusha chombo kwa kupitisha tezi katika upepo, na wakati huohuo mabaharia huizungusha foromali yote mbele ya mlingoti. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika bumu la Kuwait lililokuja Zanzibar na kupakia boriti katika delta ya Rufiji, aliishi na kazi hiyo kwa miezi mingi na kuiandikia kitabu.

Lakini sasa tuiache njia ya Lamu tuje katika maji yetu wenyewe. Kutoka Tanga mpaka Pemba ni takriban kilomita 60, karibu mashariki moja kwa moja. Kaskazi ikivuma barabara kutoka kaskazini-mashariki, upepo na njia yako hufanya pembe ya nyuzi 45. Kusi ikivuma kutoka kusini-mashariki, pembe ni ileile, ila upande wa pili. Hakuna mojawapo ya vyombo hivi kinachoweza kuelekea karibu na upepo kiasi hicho. Havina budi kupiga bisho, yaani kwenda upande huu kisha upande ule.

Hesabu yake inafaa kwa ubao wa darasani. Tuchukulie kwamba jahazi, pamoja na kusukumwa kwake pembeni, huenda kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka kwenye upepo, na mtepe kwa nyuzi 80. Hizi ni kadirio zangu, si vipimo. Katika zile kilomita 60, sehemu iliyo kinyume cha upepo ni 60 mara kosaini ya nyuzi 45, yaani kilomita 42.4. Kila kilomita ambayo jahazi linasafiri hulipa kilomita 0.5 dhidi ya upepo, kwa kuwa kosaini ya nyuzi 60 ni 0.5, kwa hiyo jumla ya njia yake ni karibu kilomita 85. Kosaini ya nyuzi 80 ni 0.174, njia ya mtepe ni karibu kilomita 244. Kwa mwendo uleule wa kilomita 8 kwa saa, jahazi hufika kwa saa 11 hivi, nao mtepe kwa saa 30 na nusu. Na hapa sijauhesabu mkondo wa bahari, ambao katika mlango wa Pemba huelekea kaskazini, na wakati wa Kusi waweza kupita mita 1 kwa sekunde, yaani kilomita 3.6 kwa saa. Chombo kinachokaa majini saa 30 huchukuliwa mbali.

Manahodha wa Tanga hawakuingoja kosaini. Alfajiri hutoka nchi kavu upepo mwepesi uitwao umande, kwa sababu usiku ardhi hupoa upesi kuliko bahari. Chombo kinachong’oa nanga wakati huo hupata msukumo wa bure kuelekea mashariki kabla jua halijaugeuza upepo. Hata hivyo umande haufiki mbali, na katikati ya mlango nahodha hubaki na tanga lake tu. Kwa njia hii, basi, jahazi ni bora, wala si kwa kiasi kidogo.

Kijana aliniuliza kipi ni bora, nami nikamjibu kana kwamba swali limekamilika. Lilikuwa nusu. Nusu ya pili ilikuwa: kutoka wapi, kwenda wapi, mwezi gani, na kutua juu ya nini?

JARIBIO KATIKA MAJI YA SIGI

Nilimwandikia mwalimu barua na kukiri kosa. Akanijibu kwamba wanafunzi wangependa kupima wenyewe, na kwamba wamekumbuka kuwa palikuwa na kidimbwi kipana, maji yake yametulia, chini kidogo ya mahali tuliposimama. Tukakutana tena.

Walikuwa wamechonga vielelezo viwili vya mti wa msufi, kila kimoja sentimita 60, kimoja na tanga la mraba la ukili, kingine na tanga la kitambaa juu ya foromali ya henzirani. Maeneo ya matanga yalikuwa sawa. Hilo walilisisitiza wao wenyewe. Tulingoja mpaka adhuhuri ipite, kwa kuwa mchana miteremko ya mlima hupata joto na hewa ya bondeni hupanda, nao upepo huwa wa kutegemeka zaidi.

Jaribio la kwanza lilitutahayarisha. “Jahazi” halikwenda joshi hata kidogo. Liliteleza pembeni mpaka likakwama kwenye majani. Wanafunzi wawili walianza kulilaumu tanga. Binti mmoja akakigeuza kielelezo juu chini, akaonyesha kwamba hakina mkuku. Walipopachika kibao chembamba chini yake, kilikata maji kikavuka kidimbwi kwa mshazari, ambapo “mtepe” ulishindwa. Upepo ulipotoka nyuma, mtepe ulitangulia mara nyingi zaidi kuliko ulivyotanguliwa. Kisha ukaanza kuchelewa, na tulipolipima tanga la ukili tukakuta limenyonya maji na kuongezeka uzito. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Mwanafunzi mmoja alilalamika kwamba vielelezo vinakwenda polepole mno. Hili lina sababu nzuri. Chombo kinachopasua maji huzaa wimbi, na mwendo wa wimbi hilo hufuata urefu wake. Chombo hakipiti kwa urahisi wimbi lenye urefu sawa na wake. Kikomo chake kwa kilomita kwa saa ni karibu 4.5 mara kipeuo cha pili cha urefu wa chombo majini kwa mita. Kwa mita 15 tunapata 17.4, kwa mita 0.6 tunapata 3.5 tu. Kanuni hiyo haiulizi kama mbao zimeshonwa au zimepigiliwa, na hapo mtepe na jahazi zenye urefu mmoja ni sawa.

KWA NINI MTEPE ULITOWEKA

Kufikia katikati ya karne ya 20 hapakuwa tena na mtepe uliosafiri. Maelezo ya kawaida ni kwamba chombo bora kilikishinda chombo duni. Mimi sasa naona vingine. Mtepe ulijengwa kwa vitu ambavyo fundi alivipata jirani: makumbi, miyaa, mbao, na mikono mingi. Jahazi lilihitaji vitu vya dukani, yaani misumari na kitambaa. Katika karne ya 19 biashara ya Zanzibar ilileta vitu hivyo kwa wingi, kikiwamo kitambaa cha pamba kutoka Marekani ambacho hadi leo twakiita kwa jina la nchi hiyo. Msumari ukawa rahisi, naye mtu wa kufua maji akaanza kutaka ujira. Mizani iliyowahi kuuelemea mtepe kwa faida yake ikageuka, ingawa bahari na pepo zilikuwa zilezile.

Nayaeleza haya kwa sababu jahazi lenyewe limo katika mizani hiyo leo. Mashine imekwisha kuliondolea nahodha haja ya kupiga bisho. Mvule umekuwa adimu, na misitu ya Amani, tangu ilipofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997, si mahali pa kukatia mbao za vyombo, nami sioni kwamba ingefaa iwe vingine. Mafundi wa Lamu wameunda chombo kiitwacho Flipflopi kwa plastiki iliyotupwa, kikashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata kikateremka mpaka Zanzibar. Mtepe uliondoka kabla mtu hajaupima pembe yake kwa upepo, ndiyo maana nyuzi 80 nilizozitumia hapo juu ni za kukisia. Nyuzi 60 za jahazi nazo nimezikisia, na hilo halina udhuru, maana jahazi bado lipo. Mwanafunzi wa Tanga mwenye dira, saa, na kibendera chepesi kilichofungwa mlingotini anaweza kuzipima siku yoyote ambayo nahodha atakubali kumchukua. Apande upande mmoja, aandike mwelekeo. Chombo kigeuzwe, aandike mwelekeo wa pili. Nusu ya tofauti ya mielekeo hiyo ndiyo pembe anayoitafuta, kabla ya kuongeza kiasi ambacho chombo husukumwa pembeni. Matokeo yake yangekuwa na thamani kuliko makadirio yangu yote.

Mwalimu ameniandikia tena hivi karibuni. Wanafunzi wameanza kielelezo cha tatu, urefu wa mita moja, cha mbao nyembamba zilizoshonwa kwa makumbi na kupachikwa vijiti. Kimewekwa ndani ya pipa la maji nje ya maabara, nacho kinavuja. Wamepanga zamu ya kukifua maji kila mapumziko, na yule kijana aliyeniuliza swali ndiye anayeandika, siku baada ya siku, ni vikombe vingapi vinatolewa. Anataka kuona kama mbao zikivimba idadi itapungua.